Gesi chini ya miguu, mkaa jikoni: sheria ya mazingira inamlinda nani?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Msimbati, Mtwara Vijijini. Kwetu mtu akikata mkoko anakamatwa. Akivua kwa nyavu za macho madogo anakamatwa. Tunaambiwa hii ni hifadhi ya bahari. Lakini visima vya gesi vimo humo humo hifadhini. Gesi inakwenda Dar es Salaam, mke wangu anapika kwa mkaa, na sasa tunasikia mkaa nao unapigwa marufuku. Je, sheria ya mazingira imewekwa kwa ajili ya maskini tu? Na serikali yenyewe ni mbia kwenye gesi hiyo. Itajikagua vipi?

JIBU: Ndugu Mjumbe, nakushukuru kwa kuuliza bila kuzunguka. Swali hili nimelisikia pwani yote ya kusini, toka Msimbati hadi Kilwa, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya mkutano kufungwa na wageni kupanda magari yao. Kazi yangu ni tathmini ya athari kwa mazingira, na kwetu ni Mikindani. Nitakujibu kama ninavyomjibu ndugu yangu, hata pale ambapo jibu halipendezi.

Sheria haikuwekwa kwa ajili ya maskini tu. Katika utekelezaji, hata hivyo, inamfikia maskini upesi zaidi, nami nimeishi na jambo hilo miaka mingi hadi nikaielewa sababu yake. Kosa la mkata mikoko linaonekana. Askari wa doria anaingia mkondoni maji yakipwa, anakuta kisiki kibichi, panga, na mtu. Kufika adhuhuri ushahidi umekamilika. Kosa la mradi mkubwa, likiwepo, halina kisiki. Limejificha kwenye hesabu: maji yaliyopanda kisimani pamoja na gesi yalisafishwa kwa kiwango gani kabla ya kumwagwa, miche mingapi iliahidiwa kupandwa na mingapi imeshika, ripoti ilitakiwa kufika lini na ilifika lini. Kosa la namna hiyo hulioni ukiwa umesimama ufukweni. Unaliona ukiwa umeishika karatasi ambayo mwenye mradi aliweka sahihi, ukaisoma, kisha ukaenda kutazama.

Hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapopungukiwa. Panga la mwenzetu lina anayelihesabu. Ahadi za mradi pale kijijini hazina anayezihesabu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu karatasi hiyo, ila kwanza niseme visima viliingiaje hifadhini, maana wengi wanadhani kampuni ilipenyezwa usiku.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, miaka minane baada ya ile ya Songo Songo kule Kilwa. Kisima kilifungwa, kikakaa hivyo zaidi ya miaka ishirini. Katikati hapo, mwaka 1994, Bunge likatunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba zipatazo 650, bahari na nchi kavu pamoja, vijiji vikiwemo ndani. Kisha mwaka 2006 ikatolewa leseni ya kuendeleza gesi, ya miaka 25. Kwa ufupi gesi ilijulikana kabla ya hifadhi, hifadhi ikatangazwa kabla ya uchimbaji, na nyinyi mlikuwepo kabla ya vyote viwili. Leo kuna visima vya gesi, mtambo wa kusafisha gesi pale Madimba, na lile bomba la inchi 36 lililozinduliwa mwaka 2015 kuipeleka Dar es Salaam.

Hifadhi ya bahari kwa sheria yetu haifungwi yote kama chumba chenye kufuli. Imegawanywa kwa kanda. Ipo kanda ambayo hakuna anayevua, ipo ya matumizi yenye masharti, na ipo ya matumizi ya kawaida. Mgawanyo huo unawekwa na mpango mkuu wa usimamizi wa hifadhi, na sheria ya 1994 imezipa halmashauri za vijiji haki ya kushiriki mpango huo unapotengenezwa na unapofanyiwa marekebisho. Nawe umo ndani ya halmashauri hiyo. Kama hujawahi kuiona ramani ya kanda ikiwa imebandikwa ofisi ya kijiji chako, anza hapo kuuliza, kwa sababu mvuvi anayekamatwa bila kujua mstari uko wapi ameonewa hata kama mstari wenyewe ni halali.

Sasa karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inamtaka mwenye mradi wa aina hii afanye tathmini ya athari kabla ya kuanza kazi. Watu wengi wakisikia tathmini wanafikiria cheti, na cheti chenyewe ni ukurasa mmoja wa kuning'iniza ukutani. Kinachowahusu nyinyi kimefungashwa pamoja nacho: masharti ya cheti, na mpango wa usimamizi wa mazingira. Mpango huo kwa kawaida ni jedwali. Safu ya kwanza inataja madhara, ya pili hatua zitakazochukuliwa, ya tatu nani atazichukua, halafu lini, halafu kwa fedha kiasi gani. Nikupe mstari mmoja, nimeutunga mwenyewe ili uone sura yake: "Mikoko itakayoondolewa kwenye njia ya bomba; kupanda miche ya mkoko na mchu mara mbili ya eneo lililokatwa; meneja wa mazingira wa mradi; ndani ya miezi kumi na miwili; gharama kiasi fulani." Mstari kama huo ni ahadi. Mtu yeyote wa Msimbati anayejua kutofautisha mkoko na mkandaa anaweza kuukagua kwa miguu yake, asubuhi moja, bila maabara. Anahesabu miche iliyosimama, anapiga picha, anaandika tarehe.

Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka pia muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili, kwa lugha isiyo ya kitaalamu, na zinataka wananchi waelezwe mradi na kusikilizwa. Nisikufiche lililopo. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kijiji kimoja cha pwani ya Lindi kufuatilia mradi ambao tathmini yake ilifanywa na wenzangu. Mtendaji akafungua kabati, akatoa kitabu kinene cha Kiingereza, bado kimo kwenye nailoni yake. Muhtasari wa Kiswahili haukuwepo. Nilijisikia vibaya sana siku ile, kwa sababu ni taaluma yangu iliyoshindwa pale kabatini.

Lakini kijiji hicho hicho ndicho kilichonifundisha jambo. Tuliitisha kikao chini ya mwembe, wanaume wakazungumza ajira na fidia, na zilikuwa hoja za haki. Kisha mama mmoja, ndoo ya pweza iko pembeni yake, akauliza: "Bomba likilala pale mkondoni, wakati wa bamvua sisi tutapita wapi?" Bamvua ni zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Hakuna mtaalamu aliyekuwa amefikiria hilo. Ripoti ilihesabu wavuvi wenye vyombo; wanawake wanaoshuka miambani kwa miguu maji yakitoka, kutafuta pweza na chaza, hawakuwemo. Swali lake likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, likapelekwa, na mpango ukaongezewa kipengele cha kufukia bomba kina kirefu zaidi pale na kuacha njia wazi siku za bamvua. Sentensi moja ya mama mmoja, kwa sababu tu iliandikwa na ikagongwa muhuri.

Kazi ikishaanza, sheria haikomi. Mwenye mradi anatakiwa ajifuatilie na kupeleka ripoti kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, na NEMC inatakiwa ije ifanye ukaguzi wake. Likikutwa kosa, inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira yalivyokuwa, kutoza faini, hata kusimamisha shughuli. Nguvu hizo zipo na zimewahi kutumika sehemu mbalimbali za nchi. Ugumu ni mikono na macho: ofisi ya kanda inahudumia eneo kubwa, kuna viwanda, bandari, machimbo, hoteli, na gesi ni mmoja tu wa wateja wake. Mkaguzi akija siku mbili kwa mwaka ataona ya siku mbili. Nyinyi mpo siku zote.

Umeuliza serikali itajikagua vipi. Hilo ni swali zito na siwezi kulipita juu juu. Ni kweli serikali ina mali pale: tangu mwaka 2024 Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lina asilimia 40 ya Ghuba ya Mnazi, na kampuni ya Maurel & Prom ina 60. Zamani TPDC ilikuwa mfanyabiashara na papo hapo msimamizi wa wafanyabiashara wenzake. Sheria ya Petroli ya 2015 ilizitenganisha kazi hizo. Usimamizi wa utafutaji na uchimbaji ukapewa chombo kipya, PURA. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inasimamia usafirishaji na usambazaji wa gesi pamoja na bei zake. Mambo ya mazingira yapo NEMC, ambayo haiko chini ya Wizara ya Nishati; iko Ofisi ya Makamu wa Rais. Utengano huo ni mzuri, na nimeuona ukifanya kazi pale ambapo mhandisi wa upande mmoja anataka kuharakisha na wa upande wa pili anamwambia leta kwanza vipimo.

Ila sitakudanganya kwamba unatosha. Vyombo vyote hivyo ni vya serikali moja, na nchi ikihitaji umeme, kila ofisi inahisi joto la mahitaji hayo. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa umetoka kwenye gesi. Ni juzi tu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepunguza mzigo huo. Mkaguzi anayejua kwamba akifunga valvu moja mji unaingia gizani anafanya kazi katika mazingira magumu kuliko yule wa machimbo ya kokoto. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba jicho la kijiji ni kiungo cha mfumo wenyewe, na walioiandika sheria ya 2004 waliliona. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinampa haki ya kwenda kudai ikivunjwa. Cha 172 kinampa haki ya kupata taarifa za mazingira. Na sheria hiyo hiyo inataka kila kijiji kiwe na kamati ya mazingira. Je, kamati yenu ipo? Ilikutana lini mara ya mwisho? Nakuuliza kwa upendo, kwa sababu nimetembelea vijiji vingi ambako kamati ni majina kwenye daftari, na mmoja wao alishahamia Masasi.

Kuna jambo jingine ambalo nataka mlifikirie mapema, kwa sababu halijapigiwa kelele na mtu. Leseni ya 2006 ya miaka 25 inafika mwisho mwaka 2031. Inaweza kuongezwa, lakini iwe au isiwe, visima havitadumu milele. Kisima kilichokwisha lazima kizibwe kwa saruji kitaalamu, vifaa viondolewe, ardhi irejeshwe. Sheria ya Petroli inadai mpango wa kufunga shughuli na mfuko maalumu wa kugharamia kazi hiyo, fedha ziwekwe wakati gesi bado inauzwa. Mambo ya namna hii yakiachwa hadi mwaka wa mwisho, kijiji hubaki na mabomba yenye kutu. Ulizeni sasa mpango huo unasemaje kuhusu Msimbati.

Twende jikoni, maana shemeji yangu umemtaja na yeye ana haki ya jibu lake.

Kwanza, hakuna katazo linalomzuia mama wa nyumbani kupika kwa mkaa. Agizo la serikali lililoanza Januari 2024 lilihusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, magereza, vyuo, kambi. Kwa upande wa kaya kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ufikapo mwaka 2034. Hilo ni lengo, na askari hamkamati mtu kwa lengo. Anayesumbuliwa kwa sasa ni mchoma mkaa na msafirishaji asiye na kibali, na hiyo ni sheria ya misitu ya tangu 2002.

Sababu ya kusukuma jambo hili ni ya kweli, wala si ya kuwasumbua wanyonge. Takwimu za serikali zinasema nchi inapoteza hekta zipatazo 469,000 za msitu kila mwaka, kwa kilimo na mkaa kwa sehemu kubwa. Na moshi: mwanamke anayepikia kuni ndani ya kibanda kisicho na dirisha anavuta kila siku kile ambacho tungekipigia kelele kama kingetoka kwenye bomba la kiwanda.

Pili, gesi ya mtungi anayoiona dukani haitoki Msimbati. Jambo hili nimelieleza mara nyingi na bado linawashangaza hata watu waliosoma. Gesi yenu ni methani karibu yote. Methani ni nyepesi kuliko hewa na haikubali kugeuka maji ndani ya mtungi wa kawaida. Ili iwe maji lazima uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kiwanda kinachokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwenye zaidi ya hekta 2,000 zilizotengwa, kingefanya kazi hiyo ya kuipoza gesi ya bahari kuu ipakiwe melini. Gesi ya mtungi ni jamii nyingine, propani na butani, inakubali kuwa maji kwa mgandamizo mdogo tu, na inaletwa nchini kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo mtungi wa Msimbati umesafiri baharini, umeshushwa bandarini, umepanda lori, na shemeji analipia safari yote hiyo huku kisima kikimwangalia.

Methani inafika jikoni kwa bomba. Mtwara mjini kuna nyumba zilizounganishwa na wenyewe watakwambia raha yake: unawasha, unapika, unalipia ulichotumia kama umeme. Tatizo ni kwamba bomba lile kubwa la Madimba linabeba gesi kwa mgandamizo mkali. Huwezi kulitoboa na kumwekea mtu jiko. Kunahitajika kituo cha kupunguza mgandamizo, mabomba madogo ya plastiki chini ya ardhi, mita kila nyumba, na mtu wa kuyakagua. Mjini nyumba zimebanana, gharama inagawanyika. Kijiji chenye nyumba zilizotawanyika kwenye minazi na mikorosho, kila mita ya bomba inamhudumia mtu mmoja. Hiyo ndiyo hesabu, na ni hesabu ya haki kwa mwenye kuuza gesi.

Lakini serikali haipo kwa ajili ya kufanya hesabu ya muuza gesi. Hapa mimi nina msimamo na sitaficha. Kama taifa limeamua kwamba msitu na bahari ya Msimbati vilindwe kwa faida ya wote, na gesi ya Msimbati itumike kwa faida ya wote, basi gharama ya jiko la Msimbati nayo ni ya wote. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walisema "gesi haitoki", ikafika hadi watu kupoteza maisha, na bomba likajengwa. Mabishano yale yalikuwa juu ya nani anafaidi. Hayakukosea kuuliza. Kilichobaki sasa ni kuuliza kwa njia ambayo ofisi inalazimika kujibu.

Njia hiyo ipo. Sheria ya Petroli ya 2015 inamtaka mwenye leseni kila mwaka aandae mpango wa huduma kwa jamii na aukubaliane na serikali ya mtaa husika, yaani halmashauri ya wilaya yenu. Zaidi ya hapo, halmashauri inapokea ushuru wa huduma, yaani asilimia ndogo ya mauzo. Mara nyingi fedha hizi zinajenga madarasa na zahanati, na nani atakataa darasa? Ila sijaona sababu kwa nini vijiji vinavyokatazwa mikoko visiwe wa kwanza kupewa majiko na mitungi kwa bei ya ruzuku, au shule ya kijiji na zahanati kuunganishwa na gesi ya bomba pale ambapo bomba liko karibu. Kuzuia bila kutoa mbadala kunamfanya mtu mwema awe mhalifu wa usiku. Nimekutana nao, ni wazazi wanaotafuta ada.

Nina neno kuhusu marufuku zenyewe, na hapa huenda tukatofautiana kidogo. Umeandika kana kwamba masharti yote ya bahari yaliletwa kutoka juu. Waulize wazee wa Msimbati na wa Sudi kuhusu uvuvi wa baruti. Miaka ya 1980 na 1990 pwani yetu ililipuliwa mchana kweupe. Nikiwa mtoto Mikindani nilidhani ule mshindo ni sehemu ya asubuhi, kama adhana na jogoo. Matumbawe yaligeuka kifusi. Sheria ya kukataza ilikuwepo muda wote na haikufanya kitu. Ni wavuvi wenyewe wa Mtwara, Lindi na Kilwa waliojiunga, wakaandika, wakapiga kelele hadi serikali ikaingia baharini na vyombo vya jeshi mwishoni mwa miaka ya 1990, na milipuko ikapungua sana. Ilirudi baadaye macho yalipolegea, ikabidi kuanza tena.

Na kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, vikaweka kanuni zao, vikahesabu mipingo yao mti kwa mti. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, ya kwanza ya asili inayosimamiwa na wanakijiji katika Afrika nzima. Pale anayekamata mkataji haramu ni mwenye msitu, na faini inaingia kijijini. Mikoko yenu haiwezi kuwa hivyo moja kwa moja, kwa sababu mikoko yote nchini ni hifadhi ya serikali, jambo lililoanza tangu enzi za Wajerumani. Lakini usimamizi wa pamoja kati ya kijiji na wenye dhamana unaruhusiwa, wenye makubaliano ya maandishi yanayosema nani analinda, nani anaruhusiwa kuvuna nguzo ngapi za kujengea, na nani anapata nini. Hilo linaombwa, haliji lenyewe.

Sasa ufanye nini. Andika barua, ukurasa mmoja, kwa jina lako mwenyewe kama raia, kwa sababu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa haki hiyo raia, na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Ipeleke NEMC ofisi ya kanda, Mtwara, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa ofisi ya hifadhi ya bahari. Usiandike malalamiko marefu. Omba vitu kwa majina: cheti cha mazingira cha mradi na masharti yake, mpango wa usimamizi wa mazingira, muhtasari wa Kiswahili wa tathmini, ripoti ya ukaguzi ya mwisho, ramani ya kanda za hifadhi. Kwa mkurugenzi ongeza mpango wa huduma kwa jamii wa mwaka huu na kiasi cha ushuru wa huduma kilichopokelewa. Taja kifungu cha 172. Peleka mwenyewe kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uiweke kwenye faili la kijiji, lisiwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Karatasi zikija, usizisome peke yako. Mtafute mwalimu wa sekondari, mtafute kijana aliyemaliza chuo anayesubiri ajira, kaeni siku moja mtafsiri jedwali tu, mengine yaacheni kwanza. Kila ahadi iwe mstari mmoja wa Kiswahili. Kisha wagawieni watu mistari: ya miche wapewe wanaojua mikoko, ya maji wapewe wanaochota, na ile inayohusu mwambao wapewe wanawake wa pweza, kwa sababu wao wanaujua kuliko ramani yoyote. Mtakapokuta ahadi iliyotimizwa, iandikeni pia kuwa imetimizwa. Barua yenye haki pande zote mbili inasomwa kwa heshima zaidi.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa angalau kila miezi mitatu. Omba ajenda hii iingizwe kwenye unaokuja, na kamati ya mazingira ichaguliwe upya hapo hapo, mbele ya watu, wanawake wakiwemo. Ukipata jedwali likawashinda mahali, nitumie ukurasa huo, tutausoma pamoja. Msalimie shemeji.